Mwenyeji Aliyekula Nyama ya Wakwe

Leo nimeaibika mbele ya bosi wangu, mbele ya wakwe za watu, na mbele ya mbuzi. (Mbuzi alikuwa ameshachomwa, lakini nina hakika alinitazama.)

Ngoja niwaeleze tangu mwanzo, maana mkisikia katikati mtadhani nimelogwa.

Tuko Machakos tangu Jumatatu kwa kazi. Kampuni yetu inauza pampu za maji na inataka kufungua ofisi huku. Tumekuja watatu: bosi wetu Madam Akoth, fundi wetu Barasa, mtu wa Bungoma, ambaye pia ndiye anaendesha gari, na mimi Mutua wa mauzo. Madam alitangaza tangu mwezi uliopita kwamba anatafuta mtu wa kuongoza hiyo ofisi. "Nataka mtu mwenye anajua watu wa huko." Nikainua mkono hata kabla hajamaliza. Mutua! Jina lenyewe la Kikamba si linatosha?

Sasa kuna ukweli ambao sikumwambia. Nimezaliwa Mlolongo, nimesoma Mlolongo, nimekulia kwenye ploti ya ghorofa nne nikisikiliza malori. Babangu ndiye mtu wa Kola, huku Machakos. Mimi Kola nimefika mara tatu, zote matanga, na zote nilikaa ndani ya gari. Kikamba changu ni cha kugombezwa. Ukiniita mjinga naelewa. Ukinituma kuni, nimepotea.

Leo tumemaliza kazi saa nne asubuhi. Madam akasema, "Mutua, tutembeze kwenu. Tuone milima, halafu utulishe kitu ya huku." Hayo hayakuwa matembezi, jamani. Hiyo ilikuwa interviu, na mimi nilikuwa nimevaa koti kabisa.

Tukaanza kwa nyama. Huku unachagua nyama yako, inapimwa, inawekwa motoni, halafu unaenda zako mpaka iive. Nikawapeleka mahali fulani Mumbuni, penye bustani na viti vya plastiki. Tukapimiwa kilo mbili za mbavu za mbuzi. Jamaa wa kuchoma akanipa kipande cha boksi kimeandikwa saba, na kingine cha saba akataka kukifunga kwenye nyama kwa waya, isije ikachanganyika na ya mtu mwingine. Nikamrudishia changu, nikamkataza kufunga kile kingine.

"Weka hizo namba zako, boss. Mimi ni mtu wa hapa."

"Wa hapa wapi?"

"Wa hapa," nikasema, nikaondoka kabla swali halijazaa watoto.

Tukapanda Kituluni, kule maji hupanda mlima badala ya kuteremka. Nimepaona kwenye simu mara nyingi. Nikachagua kona moja iliyokaa kimiujiza.

"Simama hapa!"

Barasa akasema, "Mkubwa, mimi naona ni kama pale mbele ki—"

"Barasa, nani mwenyeji?"

Akasimamisha gari. Nikashuka na chupa ya maji, nikahutubia kidogo kuhusu siri za mababu zetu, nikamwaga. Maji yakateremka. Yakateremka vizuri sana, kama maji ya kila mahali. Nikamwambia Madam yanatafuta njia. Nikamwaga chupa ya pili. Hiyo nayo ikateremka, tena kwa haraka. Mama mmoja aliyekuwa amebeba majani ya ng'ombe akasimama kutuangalia.

"Ni pale mbele, kijana. Hapa ni barabara tu."

Madam akanigeukia. "Kwani hukuwa unacheza hapa ukiwa mtoto?"

"Walihamisha," nikajibu.

(Naam. Nilisema mlima ulihamishwa. Endeleeni kusoma.)

Pale mbele maji yalipanda kweli, na gari likapanda lenyewe bila gia. Madam akapiga kelele za furaha, akachukua video, akasahau kunitilia shaka. Nikamshukuru Mungu. Kilichobaki kilikuwa kula tu, na kula, jamani, nani hushindwa?

Tuliporudi Mumbuni njaa ilikuwa imetushika vibaya. Jamaa wa kuchoma hakuwepo jikoni. Mtu wa kawaida angengoja. Mimi mwenyeji nikajipeleka motoni mwenyewe, na pale nikakuta mguu mzima wa mbuzi umeiva, unang'aa, unadondosha mafuta. Hauna namba. Na yetu si haikuwa na namba? Nikauweka kwenye ubao, nikaubeba juu juu mpaka mezani.

Madam akautazama. "Si tuliagiza mbavu?"

"Madam, huku mteja akipendwa anaongezewa."

Barasa akakohoa. "Mkubwa, huo mguu sidhani—"

"Barasa, kula."

Barasa hakula. Alijisogezea sahani ya muthokoi, akala mahindi yake taratibu akitazama upande mwingine. Mimi nikakata nyama, nikanyunyiza chumvi, nikamchagulia Madam vipande laini. Alikuwa anafurahi! Aliniambia kwa mdomo wake, "Mutua, naona hii ofisi inakufaa." Niliisikia hiyo sentensi ikishuka tumboni pamoja na mafuta.

Nilikuwa na mfupa mdomoni yule mchomaji alipotoka mbio nyuma ya jengo, akifuatwa na mzee mfupi wa koti la kijivu.

"Nani amechukua mguu wa wakwe?"

Bustani nzima ikageuka. Mzee akafika mezani, akautazama ubao, akautazama mfupa, akanitazama mimi.

"Kijana, hii nyama umeitoa wapi?"

"Kwa moto, mzee."

"Mimi naitwa Kioko. Tumekuja na mbuzi wetu kutoka Kola kukaribisha wakwe. Kijana yetu anataka kuoa. Huo mguu ni wa wazee wa upande wa msichana. Wako pale nyuma, na washanawa mikono. Sasa niende niwaambie nini?"

Washanawa mikono! Nilitamani ardhi ipasuke. Hapo ndipo mtu mwenye akili husema pole, akanyamaza. Lakini huu mdomo wangu ulikuwa bado unaomba kazi.

"Pole sana, mzee. Hata mimi si mgeni. Mimi ni mtu wa hapa."

Uso wake ukabadilika. "Mtu wa hapa? Wewe ni wa mbai gani?"

Mbai ni ukoo. Mtoto wa Ukambani anaujua wake kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mimi nikatazama kachumbari. Madam akaacha kutafuna.

"Ya babangu," nikasema.

"Ya babako inaitwaje?"

Nikaangalia nyanya. Nikaangalia dhania. Hakuna aliyenisaidia.

"Mpigie babako," Mzee Kioko akasema. "Na uweke spika."

Babangu huongea kwa simu kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto.

"MUTUA! NANI AMEKUFA?"

"Hakuna, baba. Nilikuwa tu nauliza... sisi ni mbai gani?"

Akashusha sauti. "Uko hospitali?"

"Hapana, baba."

"Uko na miaka thelathini na tano, leo ndio unauliza? Si nilitaka kukuonyesha watu wetu kwa matanga ya susu yako, mama yangu mimi, ukakataa kutoka kwa gari! Sisi ni Atangwa! Atangwa wa Kola! Kwani nani anauliza?"

Mzee Kioko akafumba macho. "Ngai, Mungu wangu. Atangwa wa Kola."

Ikawa hao wenye mbuzi nao ni Atangwa wa Kola. Ningekuwa mgeni, ningesamehewa kama mgeni mlafi. Lakini sasa nilikuwa mtoto wa nyumba aliyekula nyama ya wakwe wa nyumba yake. Mzee akachukua simu yangu, wakazungumza na babangu Kikamba dakika nzima. Mimi nilielewa neno moja tu, lile la mjinga, na lilirudiwa mara nyingi.

Kisha Barasa akasimama. Akavua kofia. Akafungua mdomo, kikatoka Kikamba! Kikamba chenyewe, kile kizito, cha salamu ndefu na kuomba radhi. Mzee akatikisa kichwa, akacheka, akamshika bega. Wakakubaliana mbavu zetu, zilizokuwa bado motoni zikiiva polepole, ziende kwa wakwe. Na mimi nikapewa birika la maji na beseni, nikawanawishe mikono upya, kama mtoto wa nyumba.

Mzee Kioko akanisimamisha mbele yao. "Huyu ni kijana yetu. Alikuwa anaonja kama imeiva."

Wakacheka mpaka bibi mmoja akashika mbavu. Nikazunguka na birika, mtu baada ya mtu, koti langu limelowa mpaka viwiko. Nilipoinua macho nikamwona Madam ananichukua video.

Tukarudi kwenye gari. Halafu Madam akauliza, "Barasa, Kikamba ulijifunza wapi?"

"Kola, Madam. Nilichimba visima huko miaka saba."

"Na kutwa nzima hukusema?"

"Mwenyeji alikuwepo."

Madam akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka, akasema ofisi ya Machakos imepata kiongozi, na kiongozi ndiye ameshika usukani. Nikaumia, sitawadanganya. Hiyo kazi niliitaka, na nilikuwa nimeshaionja kabisa. Mimi nitakuwa chini yake, kwa sharti moja: nijifunze Kikamba.

Masomo yanaanza Jumatatu. Mluhya wa Bungoma atanifundisha lugha ya babangu. Kwa hivyo mkinicheka, tafadhali nichekeni kwa Kiswahili, niweze kuelewa.