Gunia la Tanzanaiti ya Mbagala

Projestus wa Mbagala alikuwa mtaalamu wa madini tangu Jumanne, siku aliyobadilishana cherehani ya mkewe kwa gunia la mawe ya zambarau. Yalikuwa floraiti, mawe laini yanayokwaruzika kwa kisu cha jikoni. Lakini miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila mwenye vijisenti aliota tanzanaiti, na tamaa za watu ndizo zilizomlisha Projestus. Alihitaji mnunuzi mmoja tu, kabla mkewe Gladness hajarudi kutoka Moshi na kuulizia cherehani yake.

Akamchagua Bi Munira wa Temeke, mjane mwenye karakana ya kuyeyusha na kusubu vyuma.

"Shikamoo mama. Hii tanzanaiti tupu, kutoka Mererani. Mie nakuuzia gunia zima kwa huruma tu."

"Marahaba. Huruma hiyo imekuanza lini?" Bi Munira alilitazama gunia, akalitazama tena. "Nasikia tanzanaiti huchomwa ndipo ipate rangi. Tuchome moja."

Mtaalamu wetu hakuwahi kuchoma hata muhogo. Ila kukataa kungekuwa kujiumbua, akakubali huku akicheka kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino. Madirisha yakafungwa kuwe giza, jiwe likawekwa kwenye karai juu ya mkaa. Punde likatoa mwanga wa buluu, mzuri ajabu, hata Projestus akaanza kujuta kuliuza. Kisha likapasuka, pa! Kipande kikatoboa tai aliyoiazima.

"Tanzanaiti gani inalipuka kama fataki?" Bi Munira alifoka. "Niwaite vijana wangu?"

Vijana walikuwa nje na nyundo zao. Projestus akapiga magoti.

"Nisamehe mama! Baki na gunia, niache niende."

"Nenda, baba. Nakufichia aibu."

Alimshukuru hadi mlangoni.

Jumamosi fundi mmoja wa karakana ile, Salumu, akamweleza Projestus huku akijishika mbavu: floraiti ikitiwa kwenye tanuru, takataka za chuma huyeyuka zikatiririka kama uji. Bi Munira alikuwa akiiagiza kutoka nje kwa bei ya kutoa machozi. Aliitambua floraiti mara tu gunia lilipofunguliwa.

Projestus akarudi mbio, kifua mbele. "Mama, umeniibia floraiti yangu!"

Bi Munira akamsogezea simu ya mezani. "Wapigie polisi. Waeleze ulikuwa unaniuzia nini."

Projestus akaushika mkono wa simu, akafikiri, akaurudisha taratibu. Miaka yote akitafuta mjinga mjini, kumbe alikuwa akitoka naye nyumbani kila asubuhi.

"Mama," alisema kwa unyonge, "kesho mke wangu anashuka kutoka Moshi. Naomba nilale hapahapa karakanani."

"Fagio liko nyuma ya mlango," alijibu Bi Munira.