Makonyo Yangu na Jiwe la Redio

Kidichi, Unguja
Januari 1959

Bwana Mhariri,

Baada ya salamu, naomba nafasi gazetini mwako nilisafishe jina langu, lililochafuliwa wiki iliyopita mizanini mbele ya watu. Mkaguzi alitia mkono guniani mwangu, akatoa karafuu zikiwa na makonyo, yaani vile vikonyo vinavyotakiwa kuchambuliwa, akanitangaza mghushi. Sasa nikiingia msikitini watu wanakohoa. Inaniuma. Hoja zangu ni hizi:

1. Shemeji yangu Usi, fundi redio wa mtaa wa Ng'ambo mjini, kanionyesha redio mpya isiyo na vile vitaa vya kioo ndani. Inaimba kwa kipande cha madini yaitwayo gerimani. Gerimani safi kabisa, asema Usi, haipitishi umeme ila kwa taabu. Basi mafundi wa Ulaya huighushi kwa makusudi! Huitia chembe za aseniki, na kila chembe huja na elektroni moja ya ziada isiyo na kazi, ikazurura na kuubeba umeme. Mbona wao hawashikwi?

2. Uchafu mwingine una upungufu wa elektroni, na huo nao unafaa. Ni kama mtu akitoka safu ya mbele msikitini: wa nyuma yake husogea kuijaza nafasi, na wa nyuma yake naye, mpaka nafasi ikafika mlangoni. Pengo linatembea, umeme unapita. Kumbe hata kasoro ina kazi.

3. Usi anadai kipimo ni chembe moja kwa mamilioni. Usi ni mtu wa vitu vidogo vidogo. Mimi mkono wangu mkunjufu, nilitia pakacha zima la makonyo.

4. Kwa hiyo mkaguzi aniombe radhi hadharani, karafuu zangu zipewe daraja la kwanza, naye apelekwe kwa Usi akasomeshwe.

Wasalimie wote hapo ofisini, na mpiga chapa usimsahau.

Mimi niliyedhulumiwa,
Simai Jaku

Baada ya sahihi: Nimemsomea mke wangu, Mwanakheir, barua hii yote. Alisikiliza kwa adabu, akaenda jikoni, akanipakulia wali wa mchele asiouchambua. Jino langu la mbele limevunjika kwa jiwe. Nilipolalamika akaniambia nitulie, umeme sasa utapita vizuri. Bwana Mhariri, mchele ni kitu cha kuchambuliwa! Tafadhali usiichape barua hii. Mpe mkaguzi salamu zangu, mwambie nimekaa na gunia hapa barazani, nachambua.