Malalamiko ya Kupandishwa Cheo cha Dada Mkubwa Bila Ridhaa Yangu

Kwa aliyekuwa Dada yangu Mkubwa,

Pokea salamu za mdogo wako, ambaye machoni pa watu sasa ni mkubwa wako. Natumaini hujambo, na uso hauumi tena unapotafuna. Naandika kwa heshima zote, japo sijui tena heshima hiyo ielekee upande gani.

Tangu ufanyiwe ule upasuaji wa kukaza ngozi ya uso, umepunguza kama miaka ishirini. Hongera. Ila nimechunguza na kugundua kwamba miaka hiyo haikutupwa. Nimeletewa mimi. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Duka la dawa. Muuzaji alikusalimia wewe "mambo", kisha akanigeukia mimi na kunipa shikamoo, tena kwa kuinama. Wewe uliyenibeba mgongoni ukaitikia "poa" bila hata kupepesa macho. Akaniuliza kama zile dawa za presha ni zangu. Zilikuwa zako.

2. Wazazi wa mchumba wa mpwa wetu. Walipofika nyumbani walinikalisha mimi kwenye kochi kubwa, wakakutuma wewe ukalete vikombe. Ukaenda, tena mbio. Nilikusikia ukicheka huko jikoni. Nasema nilikusikia, kwa sababu kwa kukutazama tu siku hizi hakuna ajuaye kama unacheka au umenuna.

3. Bosi wako. Kijana uliyemfundisha wewe mwenyewe kupokea simu pale mapokezi ya hoteli, ndiye aliyesema wageni wanapenda kupokelewa na sura changa. Ningekuwa mimi, ningeshauri akatwe yeye, tena ulimi. Wewe ukaenda kukatwa wewe. Hilo linaniuma sana, na naliandika hapa kwa kuwa ana kwa ana ungesema nina wivu. Sasa nasikia ameanza kuiangalia shingo yako.

4. Mama. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Siku ile ulipoingia chumbani kwake alikutazama kuanzia juu mpaka chini, akaniuliza mgeni huyu ni nani na kama amepewa chai. Ulitoka ukalia pale uani, machozi yanakutiririka na uso umetulia tuli. Tangu hapo hujakanyaga. Unatuma matunda, unatuma shuka, mwenyewe hujitumi. Kumgeuza kitandani ni mimi, kumwogesha ni mimi, kumkata kucha ni mimi, kazi ambazo tulikuwa tunagawana. Mgongo wangu nao umekuwa mkubwa wako.

Kutokana na hayo, naomba uchague moja. Ama uirudishe sura hiyo kwa daktari akupe ile ya zamani, kama bado hajaigawa kwa mtu mwingine. Ama unikabidhi ukubwa rasmi, pamoja na kochi, cheti chako cha kuzaliwa na ile haki yako ya kunigombeza juu ya chumvi kwenye mboga. Utaniamkia kila asubuhi. Pia majirani waache kumwita Mama kwa jina lako, wamwite kwa jina langu, maana mzaliwa wa kwanza ni mwenye makunyanzi, na kwa hapa nyumbani makunyanzi yote yamebaki kwangu.

Nisalimie shemeji, na umwambie nampa pole kwa kuonekana baba yako. Wasalimie watoto, au tuseme wadogo zako. Bosi wako usimsalimie.

Ni mimi, katika uzee wa ghafla,
Mdogo wako (Kaimu Dada Mkubwa)

Tanbihi: Nimemsomea Mama barua hii kabla ya kuifunga, na nimejuta. Kumbe alikutambua tangu ukivua viatu mlangoni. Aliniuliza vile kwa hasira, kwa sababu habari za kisu alizisikia kwa jirani na si kwako. Anasema hata ukirudi na uso wa kichanga, mkubwa ni wewe, na mimi nani kanituma nigawe vyeo vya watu. Anasema alikupenda ukiwa tumboni, sura hakuiona, na hii ya sasa ataizoea. Nimeambiwa niichane barua, lakini nimeona uisome ili ujue nilivyochoka. Njoo, dada. Tangu asubuhi amekataa nimwogeshe, anakungoja wewe.