Kamioneti Lazima Ilainike

Jumatatu, 4 Agosti 1969

Baba anataka kuuza kamioneti yetu ya abiria na mizigo. Amesema leo mezani huku akichambua miiba ya samaki wa mukeke, kana kwamba anauza kuku. Akina mama wa Kigwena wanaokuja sokoni hapa Rumonge hawapandi tena. Wanadai nyuma ya gari letu panarusha, na wakifika sokoni figo zimebaki njiani.

Gari likiondoka, nami naondoka. Nitapelekwa Bujumbura, Buyenzi, kwa Shangazi Batuli, nikashone mikono ya magauni mpaka niolewe. Mimi! Niliyemaliza shule mwezi wa sita, wa kwanza katika fizikia!

Tumaini ni moja. Jumapili jirani yetu Asya anapelekwa kwa mumewe Kigwena. Baba amesema tukimbeba yeye, mtaa mzima utarudi kwetu, na gari litabaki. Lakini gari huchaguliwa na kungwi wake, Bi Mwasiti. Naye ana sharti: hina ya bibi arusi husafiri mbichi, katika bakuli wazi, mikononi mwa kungwi. Kuifunika ni kufunika bahati. Kuimwaga ni aibu. Kwa hiyo anatafuta gari laini, na gari laini analo babake Zena. Zena yule yule aliyekuwa akinyoosha kidole kabla mwalimu hajamaliza swali.

Nilitaka kumwambia Baba kwamba nitalilainisha mimi. Nikafungua mdomo. Nikaomba chumvi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimelala chini ya gari. Nimemwona adui. Springi za nyuma ni vyuma virefu vilivyopinda, vimepangwa kimoja juu ya kingine kama chapati, kulia na kushoto. Vikavu. Vina kutu. Vinalia. Dawa yake mafuta, na mafuta ya Rumonge ni mawese. Mawese yanatibu bawaba, kikohozi na ngozi ya mtoto mchanga. Yashindwe na gari?

Nimepaka ndoo nzima. Kaka yangu Amuri, ambaye ndiye dereva, akaliendesha hadi sokoni. Kimya! Hata mlio mmoja!

Saa sita mbwa wakafika. Wote. Walilamba springi kwa zamu, wakapigana, wakalala palepale. Sehemu ambazo hawakulamba zilishika vumbi la kiangazi, na sasa ni tofali. Baba akauliza nyumba nzima ni nani aliyewaalika. Nikatazama sahani yangu.

Sijutii. Kwa saa tatu gari lilikuwa kimya.

Alhamisi, 7 Agosti

Mawese yalikuwa wazo la kitoto. Leo nimefikiri kisayansi. Chapati nyingi ngumu, chapati chache laini. Kwa hiyo punguza chapati.

Nilimbembeleza Amuri mpaka akaleta jeki. Alinung'unika muda wote, akisema wasichana wengine wakimaliza shule wanajifunza kupika. Tumetoa vyuma viwili kila upande. Nikapanda nyuma, nikaruka. Kitanda cha mtoto! Nililia kidogo kwa furaha.

Kisha Baba akapakia mapipa ya mawese. Nyuma ikakaa juu ya magurudumu, pua ikainuka, taa zikatazama mbinguni. Baba alilizunguka mara mbili. Akasema tangu watu wafike mwezini mwezi uliopita, hata gari lake limeomba ruhusa ya kwenda huko. Akaamuru vyuma vyote virudi kabla ya magharibi.

Zena alikuwa anapita, bila shaka kwa makusudi. Aliniuliza, mbele ya watu, kama Jumapili tunapeleka bibi arusi au tunatwanga majani ya sombe. Nilipata jibu kali sana. Nililipata nimeshafika nyumbani.

Vyuma vimerudi. Isipokuwa kimoja kila upande, ambavyo viko chini ya kitanda changu. Sayansi hairudi nyuma yote.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimegundua! Gari tupu linaruka kwa sababu halina cha kulituliza. Mwenye tumbo kubwa harukiruki. Baba alipokwenda msikitini, nimejaza magunia mchanga wa ziwa, nikayapanga nyuma, nikatandika godoro langu, juu yake mkeka mzuri wa Mama.

Alasiri Bi Mwasiti akaja kulijaribu. Alipanda na bakuli la uji mahali pa hina. Amuri akamzungusha mashimo yote ya mtaa. Nilikimbia nyuma yao nikisoma dua zote ninazozijua. Wakasimama. Uji haukutoka hata tone! Bi Mwasiti akashuka, akapiga kofi ubavu wa gari.

"Hii gari jana ilikuwa na mifupa," alisema. "Leo iko na nyama. Jumapili tunapanda hii."

Ushindi! Nimepita mbele ya nyumba ya Zena mara kadhaa. Sikusema neno. Nilitembea tu, kwa namna fulani.

Jumapili, 10 Agosti

Sikuwa nimewahesabu akina mama.

Niliwapigia hesabu Asya na Bi Mwasiti. Wakapanda pia shangazi zake, wapiga ngoma, masufuria na mbuzi. Juu ya mchanga wangu! Tulifika kwenye michikichi ya Kigwena tukiwa laini kama wingu. Kisha likaja shimo. Nikasikia chuma kikivunjika. Upande wa kushoto ukalala.

Na nyuma yetu, gari la babake Zena. Zena akainama dirishani, akasema kwa upole wa kuudhi kwamba Asya ahamie kwao, nafasi iko. Baba, aliyeketi mbele na Amuri, akaanza kukubali. Akina mama wakaanza kukusanya kanga zao. Nikaona mikono ya magauni, mamia, ikinipungia.

"Bibi arusi asishuke!" Sauti ilikuwa yangu. "Ninyi wengine shukeni. Hii gari itafika."

Hata mbuzi alitii. Wakashuka!

Nilipata kipande cha gogo kando ya barabara. Amuri akapiga jeki, tukalibana gogo kati ya springi iliyovunjika na tumbo la gari, tukafunga kwa kamba ya mbuzi. Magunia nikayamwaga. Bi Mwasiti akapanda tena na bakuli lake, gari likaondoka. Likafika!

Kwamba sasa lilikuwa gumu kuliko jiwe, hilo nakubali. Hina ilitoka kwenye bakuli katika shimo la kwanza na kumpata Bi Mwasiti shavuni. Haikufutwa kwa wakati. Asya alicheka mpaka kilemba chake kikaanguka. Bi Mwasiti hakucheka. Atakuwa na shavu jekundu kwa wiki mbili na amesema hatatoka ndani, wala hatanitaja katika dua.

Kosa si langu. Kosa ni la barabara.

Alhamisi, 14 Agosti

Buyenzi, kwa Shangazi Batuli.

Baba ameuza gari kwa mtu wa matofali. Alilipenda kwa sababu ya gogo. Anasema matofali hayana figo. Wakati wa kuagana Baba alinishika bega, akasema, "Mwanangu, huko kwa shangazi yako hakuna cha kuharibu. Tulia." Nikaitika kwa kichwa.

Mikono ya magauni ni mingi kuliko nilivyoogopa. Lakini nimechunguza. Mshono wa Shangazi unapinda kwa sababu meza ya cherehani inatikisika, na inatikisika kwa sababu miguu yake ni migumu mno. Hakuna mtu hapa aliyewahi kulifikiria jambo hili. Nilitaka kumweleza asubuhi. Nikaomba uzi.

Ameenda sokoni. Mguu wa kwanza nimeshautoa.