Nilipochungulia Ndani ya Mfuko wa Kulalia

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, na mkasi mkononi.

Wiki ijayo naenda Kyerwa kupiga kambi na vijana wa kanisa. Nina mfuko wa kulalia, mtumba wa gulioni Omurushaka, zipu imekufa. Nikasema, kwa nini nisiugeuze kuwa mfarishi wa kujifunika? Unatoa zipu, unakata sehemu ya kichwa, unautandaza, unapinda kingo, basi. (Cherehani ninayo. Akili nilidhani ninayo pia.)

Kilichoniponza ni udadisi. Tangu niununue nilikuwa naubonyezabonyeza na kujiuliza: mwepesi hivi, una joto hivi, ndani wameweka nini? Pamba? Sponji?

Nikatoka nao uani penye mwanga. Mama mkwe alikuwa anageuza kahawa kwenye turubai.

"Shona kwanza, ndipo ukate," akaniambia.

"Nachungulia tu, mama."

Nikakata.

Manyoya! Ya bata, laini kama moshi! Na upepo ukapita dakika hiyohiyo. Yakatua kwenye kahawa, migombani, kichwani kwa mama mkwe. Nikayakimbiza huku nimeukumbatia mfuko (kumbe kila nikiubana, unatema mengine).

Kabla sijaziba tundu, akatokea Mzee Kamugisha, jirani yetu, mtu wa kuheshimiwa sana. Akasimama. Akautazama uwanja mzima, mweupe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Waitu! Mmechinja kuku wangapi?"

"Hatujachinja, baba. Nashona."

"Unashona kuku?"

Nikaeleza. Zipu, kambi, mfarishi. Akatabasamu kama mtu anayejua anafichwa jambo, akavuta kigoda, akaketi.

"Sina haraka," akasema. "Waive taratibu."

Na akakaa kweli! Saa nzima! Jikoni kulikuwa na ndizi na maharage tu. Nikamnawisha mikono, nikafunua bakuli. Mzee akayachungulia maharage. Akanichungulia mimi. Kisha akaokota unyoya mmoja gotini kwake, akauweka mezani, kando ya sahani.

Nikatamani ardhi inimeze. Mama mkwe, manyoya bado yako kichwani, akadakia:

"Kula tu, mzee. Mkamwana wangu leo amekuchinjia blanketi."

Mzee alicheka mpaka akapaliwa na ndizi.

Mfarishi nimeumaliza. Una joto upande mmoja. Anayetaka kunicheka na aje, ila aje na subira: kahawa yote hii inabidi tuitoe manyoya, punje kwa punje.