Jaji wa Bia ya Bwana Pita

Jumatatu, 4 Agosti 1986. Kitui.

Aiya! Nimejiingiza tena. Asubuhi Bwana Pita, injinia wetu Mbelgiji wa mradi wa visima, alituita ofisini mimi na Mutiso dereva. Akasema mwisho wa mwezi mmoja wetu atahamishwa kambi ya Kyuso. Mwingine atabaki hapa mjini. Bado hajaamua ni nani.

Kyuso! Jua la kupasua mawe. Nyoka wa kila rangi. Nyumba ya mabati, peke yangu, mke na watoto huku. Mimi Kisilu, karani wa stoo miaka tisa, nikafie huko nikihesabu mabomba? Mutiso alikuwa anachokonoa meno na njiti ya kiberiti. Hakuogopa hata kidogo. Mtu wa namna hiyo ana mpango.

Halafu Bwana Pita akaleta maneno mengine. Ati anapika bia ya kwao Ubelgiji, ya rangi ya shaba. Rafiki yake Bwana Yani, wa kilimo kule Mbooni, anapika pia. Wamebishana mwaka mzima ya nani ni nzuri. Jumamosi watakutana hapa, na wanatafuta jaji. Mtu wa hapa, asiye na upande, mwenye ulimi.

Nikasikia mdomo wangu ukisema: mimi, bwana! Kwamba babu yangu alikuwa mpishi mkuu wa uki, pombe yetu ya asali, na watu walimwita kutoka kila kona ya Ukambani aonje. Kwamba ulimi huo nimeurithi.

Ukweli: babu alichunga mbuzi. Na mimi sijaonja pombe tangu nizaliwe. Ninaimba besi kwenye kwaya ya kanisa. Mke wangu Syombua ni mwenyekiti wa akina mama.

Lakini nani atampeleka jaji wake Kyuso? Hapo sasa!

Jumanne, 5 Agosti.

Nimemkumbuka Mzee Nzuki wa kanisani kwetu. Mwaka juzi alionekana na chupa moja kwenye harusi ya mpwa wake. Akatengwa. Benchi ya nyuma, karibu na mlango, asiimbe, asiombe. Mpaka leo yuko hapo. Ameshazoea, anakuja na mto wake.

Na chifu je? Kupika pombe nyumbani ni marufuku. Mzungu ataambiwa pole bwana. Mimi nitaambiwa panda gari.

Nimefikiria mpaka nikapata dawa. Jaji haonji kwa tumbo, anaonja kwa ulimi. Nitaweka mdomoni, nitazungusha, nitatema. Kisichofika tumboni si dhambi. Hata mchungaji mwenyewe hawezi kupinga hiyo.

Lakini ulimi unataka mazoezi. Bwana Pita huweka chupa zake stoo, kwenye baridi, na ufunguo ninao mimi. Nimeazima moja. Nikaifunga ndani ya koti, nikapanda baiskeli. Njia yote mawe na mashimo, chupa inaruka kifuani kama kuku. Mutiso akanisimamisha getini akauliza nimebeba nini. Nikasema dawa ya mbuzi. Akasema mbuzi wangu ana bahati, dawa yake inafanya povu.

Ameona! Ameona kila kitu!

Chupa nimeificha ndani ya gunia la ndengu, nyuma ya jiko. Huko hakuna mtu wa kuchungulia.

Alhamisi, 7 Agosti.

Naandika haraka. Mnisamehe herufi.

Jana nilikosa nafasi ya mazoezi. Leo jioni Mchungaji Kivuva akaja kuombea nyumba. Tukapiga magoti. Jiko linawaka, maji ya chai yanachemka, joto. Mchungaji anaomba kwa nguvu. Akafika pale pa kusema, Bwana, vunja kila kazi ya shetani iliyojificha katika nyumba hii...

PAA!

Mchungaji akalala chini kifudifudi. Watoto wakakimbilia nje. Mimi nikapiga kelele kwamba ni tairi! Tairi ya lori, barabarani! Mchungaji akainuka, akajipangusa vumbi, akasema hapana, Bwana amejibu.

Na kweli gunia lilikuwa linatoa povu. Taratibu, likishuka ubavuni. Syombua akaliangalia. Akaniangalia mimi. Kisha akavua leso, akalifunika gunia, akamimina chai. Hata tone halikumwagika.

Mchungaji alipoenda nikangoja mvua ya maneno. Haikuja. Heri angepiga kelele! Alitoa vipande vya chupa kimoja kimoja, akaosha zile ndengu mara tatu. Tangu njaa ya mwaka wa themanini na nne hakuna mtu hapa anayetupa ndengu. Akaweka punje moja mdomoni. Akatafuna, macho juu. Akasema, Baba Mwende, hiki kitu chako kinanukia mkate ulioungua kidogo, na ganda la chungwa, na pilipili kwa mbali. Halafu uchungu unakuja mwisho, polepole. Na si chachu.

Nikauliza amejuaje. Akasema mtu wa kupika anajua.

Mimi nikamwambia mambo ya pombe awaachie wanaume. Kila mtu anajua pombe nzuri ni chachu. Ganda la chungwa! Wanawake bwana.



Ijumaa, 8 Agosti.

Hakuna mazoezi, hakuna chupa, na kesho ndiyo kesho. Nimeenda choo mara sita.

Saa nne nikapata akili. Kwetu Ukambani, mwenye pombe huonja kwanza yeye mwenyewe, mgeni aone haina sumu. Ni desturi, na mzungu anapenda desturi. Nimemwambia Bwana Pita kwamba jaji wa kweli hagusi glasi kabla wapishi hawajaonja mbele yake. Amefurahi sana, ameandika kwenye daftari.

Sasa sikia ujanja. Wao wataonja, mimi nitaangalia nyuso zao! Uso wa mtu haufichi utamu. Nitakayoona imewafurahisha, hiyo ndiyo nambari moja. Ulimi wa nini tena?

Mutiso alikuwa chini ya Land Rover akikaza nati. Nadhani hakusikia.

Jumamosi, 9 Agosti.

Ole wangu. Ole wangu mimi.

Meza ilikuwa uani kwa Bwana Pita, kitambaa cheupe, nikakaa katikati kama hakimu. Glasi zenye tumbo na shingo, zikapangwa nambari moja, mbili na tatu. Nikauliza mbona tatu na wapishi ni wawili. Bwana Pita akasema ya tatu ni ya mshindani wa siri, ameletwa na Mutiso. Mutiso alikuwa ukutani, njiti mdomoni.

Nikasimama, nikasema wapishi waonje. Glasi ya kwanza: Bwana Pita akafumba macho, akanyamaza, akakunja uso. Maskini, nikasema, imemchoma. Ya pili: Bwana Yani akanusa, akatikisa kichwa, akanusa tena. Hii imeoza. Ya tatu: wakaonja wote wawili, wakatazamana, wakacheka mpaka machozi. Ndiyo hiyo! Furaha tupu!

Ikafika zamu yangu. Nikaweka mdomoni, nikazungusha, nikatoa kitambaa nitemee. Bwana Pita akanishika mkono. Akasema divai ndiyo hutemwa. Bia humezwa, kwa sababu uchungu wake unaonjwa kooni.

Hilo hakuna aliyeniambia! Mashavu yamejaa, macho yamenitoka, na nje ya ua nikaona mwavuli wa Mchungaji Kivuva unapita. Nikameza kwa hofu. Nikameza ya pili. Nikameza ya tatu. Miaka arobaini na mbili ya usafi, imekwisha hivyo, kwa mikupuo mitatu.

Nikatangaza. Ya kwanza, hapana, haina uchachu. Ya pili, hapana, imeoza. Ya tatu, mabwana, hii ndiyo Ubelgiji yenyewe! Hii imepikwa na mikono yenye subira!

Kisha Mutiso akakaa chini kabisa, anacheka ameshika mbavu. Ya tatu ameinunua asubuhi kwenye baa ya karibu na stendi. Na aliiacha wazi mpaka ikaisha povu.

Bwana Pita hakucheka tena. Akaeleza kwa upole bia yao inavyotakiwa kuwa: harufu ya mkate uliochomwa, chungwa kidogo, kama pilipili kwa mbali, na uchungu unaokuja mwisho. Maneno hayo nimeyasikia mahali. Sikumbuki wapi.

Nilirudi nyumbani nikishikilia nyua za majirani, nikitafuna majani ya mpera. Syombua alinusa hewa, akaendelea kuchambua mchele.

Jumapili, 10 Agosti.

Kanisani. Mahubiri yalihusu Yona aliyekimbia akamezwa. Mchungaji aliniangalia kila aliposema neno kumeza. Nilipoangalia nyuma, Mzee Nzuki alikuwa amesogea kidogo kwenye benchi yake. Kama mtu anayemwekea mwingine nafasi.

Jumatatu, 11 Agosti.

Bwana Pita ameniita. Akafunga mlango. Akasema hana hasira, ila anauliza swali moja, na nijibu kweli: kabla ya Jumamosi, nilikuwa nimewahi kuonja bia?

Niliogopa kuitwa mwongo. Kwa hivyo nikadanganya.

Nikasema, bwana, nimeonja nyingi sana. Shida ni maji ya Kitui. Chumvi yake imeniharibu ulimi. Ulimi wa babu unataka hewa kavu, hewa ya jua, ndipo unapona.

Bwana Pita akafunga daftari lake. Akasema inasikitisha. Alikuwa ameshaamua. Mutiso mwenyewe aliomba Kyuso tangu mwezi wa sita, kwa sababu wakwe zake wako huko na ana mbuzi thelathini kwao. Mimi ningebaki. Alitaka tu kusikia neno moja la kweli kutoka kwa mtu anayeshika funguo zake za stoo. Lakini kama ulimi wangu unahitaji hewa kavu, hawezi kunizuia.

Nikamshukuru, nikatoka.

Mutiso amelia. Mtu mzima, dereva, amelia kwa ajili ya Kyuso! Na mimi nimelia pia. Tukalia kila mtu upande wake wa gari.

Jumatatu, 25 Agosti. Kyuso.

Jua. Vumbi. Nge ndani ya kiatu. Maji ya kisima hapa yana chumvi kushinda ya Kitui mara kumi. Chakula ni ndengu, zile zile za gunia. Syombua alinifungia akasema zimeshazoea siri zangu. Watoto walinipungia mkono mpaka gari likapotea. Usiku wa kwanza nililia kama mtoto, sioni haya kuandika.

Jana nimepata barua yake. Mistari miwili. Anasema nikimwandikia Bwana Pita ukweli wote, na hata nikiuungama kanisani, nitarudi nyumbani kabla ya mvua. Ati mzungu ni mtu mwelewa. Wanawake hawajui mambo ya ofisi. Sijajibu.

Na leo mambo yamefunguka! Daktari wa mifugo wa hapa ni mama mmoja Mholanzi. Anatengeneza jibini ya maziwa ya mbuzi. Inanuka kama soksi za Mutiso, na harufu yake inanitia hofu hata nikiwa stoo. Anatafuta mtu wa kuionja, kusema ipi iko tayari, na kuipeleka Kitui. Kila wiki. Kitui!

Nimeenda choo mara mbili. Kisha nikamwambia kwamba babu yangu alikuwa mchunga mbuzi.

Akafurahi. Akauliza kama mzee alijua pia kutengeneza jibini.

Nikasema ndiye aliyeileta Ukambani.