Viatu vya Jumamosi

Girdhari Tailang hakuwa na tabia ya kumtazama mgeni usoni. Uso una hila. Kiatu hakijui uongo. Basi Jumamosi moja asubuhi gari jeupe likasimama mbele ya bustani ya mji wa Orchha, mguu ukatangulia kushuka, na Girdhari, aliyekuwa amechuchumaa kando akisugua meno kwa kijiti cha mwarobaini akasahau kusugua. Kiatu kilikuwa cha ngozi, kimeng'arishwa hadi kuba la hekalu likaonekana ndani yake limesimama kichwa chini. Tena kilikuwa kinalia kwii, kwii kila hatua, kama bwana harusi anayejitangaza mwenyewe. Na kwa jicho la mjuzi, kingemtosha Girdhari bila soksi.

Si tamaa tupu. Alikuwa anamtaka Kamlesh, mjane muuza bangili, na Kamlesh hakuwa na neno. Mwenye neno alikuwa mama yake, Phulwati, mlinda viatu wa hekalu kubwa. Mwanamke aliyelinda viatu vya mahakimu na vya mabibi harusi, binti yake aolewe na kandambili? Alishatamka mbele ya soko zima kwamba Girdhari akija na viatu vya heshima ndipo aje na posa.

Mwenye gari alikuwa Seth Damodar Khandelwal, tajiri wa pilipili kutoka Kanpur. Girdhari akajitwika kazi ya kumwongoza kuzunguka mji bila kuombwa. Viatu vikakaa kwa Phulwati wakati wa sala, navyo havikugusika, maana yule mama huvikalia viatu vya watu kama kuku na mayai. Wakazunguka kasri. Wakarudi bustanini, na mbele ya ile minara ya kunasia upepo Girdhari akaeleza, kwa uso wa msibani, kwamba humo malkia alikuwa akihifadhi mikoromo ya mfalme, ili mfalme akisafiri vitani yeye asiikose. Seth akatikisa kichwa kwa heshima. Girdhari akajua samaki huyu hahitaji hata chambo.

Akamuuliza taratibu kama nyumbani kuna amani. Seth akamwaga yote: ghala limeingia maji, kesi ya mpaka haiishi, na shemeji amekuja kusalimia tangu mwaka juzi.

"Shemeji?" Girdhari akashusha sauti, akatia na ile "ji" ya heshima. "Sethji, huyo ni Shani mwenyewe, kavaa suruali."

Na Shani, mungu wa mikosi, dawa yake huko kila mtu anaijua: ukiibiwa viatu Jumamosi mlangoni pake, mwizi ameondoka na mikosi yako. Watu huibiwa wakagawa peremende. Kihekalu chake kilikuwa ukingoni mwa mto, nyuma ya makaburi ya wafalme, na hakina mlinzi.

Seth alikubali dawa ila akataka kwanza anunue kandambili za kuibiwa.

"Unamhonga mungu kwa kandambili?"

"Ni mpya."

"Shani bei za soko anazijua kuliko wewe, Sethji."

Wakapatana sadaka ya kiongozi italipwa mwishoni. Girdhari, asije akaonwa na mfuko uliovimba kwa viatu, akaongeza sharti la kichwani mwake: ukishaibiwa, nenda garini pekupeku wala usigeuke nyuma. Ukigeuka, Shani anarudi, na safari hii na mizigo.

Seth akaacha viatu ngazini, akaingia, akafumba macho kuimiminia sanamu mafuta ya haradali. Alipotoka, ngazi ilikuwa tupu. Akalia kwa furaha, akaondoka kifua mbele.

"Sethji," Girdhari akaita nyuma yake, "sadaka yangu."

"Ulisema nisigeuke."

"Nyoosha mkono tu nyuma."

"Mkono si wangu? Ukigeuka, nimegeuka."

Gari likaondoka.

Girdhari akajifariji kwa viatu. Akatupa kandambili zake mtoni, akaingia sokoni kwii, kwii. Phulwati alimsikia kabla ya kumwona. Akatazama chini, akavitambua, kwani asubuhi ile ile alivilinda.

"Leo siku gani?" akauliza.

Soko lilikuwa limeshasogea nyuma. Muuza chai alimpa kikombe akamwomba aende nacho. Phulwati akatoa hukumu kwamba Shani havuki kizingiti chake. Viatu vile havitupwi wala haviuzwi. Dawa ni moja, viibwe, Jumamosi, na mwizi mwenye hiari yake.

Wiki hiyo mji ulimkwepa kama harufu. Jumamosi akaviweka kwenye ngazi ya Shani, akajificha. Ndipo alipoujua uaminifu wa watu wa Orchha. Kinyozi alimkimbiza hadi darajani kumrudishia. Kuhani akamrudishia, kwa kijiti. Mwizi wa mji, anayejulikana hadi na mbwa, alibembelezwa akakasirika: "Kaka, mimi nina watoto."

Alasiri Girdhari akakata tamaa, akaketi ndani ya kihekalu na mawazo yake, mlango akiupa mgongo, mbele ya sufuria la mafuta ya haradali. Nyuma akasikia kwii. Kimya. Kwii. Ndani ya mafuta yale, bila kugeuka, akamwona Seth Damodar akinyata kama paka mwenye kitambi.

"Sethji?"

"Mimi ni mwizi tu," Seth akanong'ona. "Shemeji kaondoka, kesi nimeshinda. Mikosi nimekuachia wewe, na ngozi ni nzima. Niiache kwa nini?"

Kelele moja tu, na soko zima lingemkamata yule tajiri. Lakini akikamatwa, viatu vinarudi kwa nani?

"Nenda salama, mwizi wangu. Usigeuke."

Kama Seth alijirudishia mikosi yake, wazee wa Orchha wanabishana hadi leo. Girdhari hakungoja ubishi. Alikimbia sokoni pekupeku akipiga kelele kwamba ameibiwa, na watu wakamvisha maua, wakamlisha peremende, wakambeba hadi kwa Phulwati. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza kama aliona mwizi akivaa kwa hiari yake. Girdhari akaapa kwamba aliona. Phulwati akamwekea mkono kichwani kumbariki, kisha akainama taratibu, akaitazama miguu ya mposaji isiyo hata na kandambili, vumbi, nyufa na vidole kumi vya Mungu.

"Shani kakuacha, mwanangu," akasema. "Nami nakuacha."